Wanyama Waogao Mchanga

Kuoga ni desturi ya viumbe wengi, lakini si kila kiumbe huoga kwa maji. Mwanadamu, kwa kuwa yeye mwenyewe huyapenda maji, aghalabu hudhani kwamba kila chenye uhai hutakata kwa maji tu, na kwamba vumbi siku zote ni uchafu. Dhana hii si kweli. Tangu zamani mama zetu walisugua vyungu na sufuria zenye mafuta kwa mchanga na majivu, zikatakata. Mwislamu akosaye maji hujitoharisha kwa udongo safi, na tendo hilo huitwa tayamamu. Basi si ajabu kwamba wako wanyama na ndege ambao josho lao ni udongo mkavu. Insha hii yaeleza habari za viumbe hao: jinsi binadamu alivyowatia vizimbani akausahau udongo wao, na jinsi alivyojifunza polepole kuwarudishia.

Mji wa Nyeri umekaa kati ya milima miwili mikubwa: Mlima Kenya upande wa mashariki, na safu ya Nyandarua upande wa magharibi. Milima yote miwili ilizaliwa na moto wa volkano, na udongo mwekundu unaolisha kahawa, chai na mahindi ya nchi hiyo ni zawadi ya moto huo wa kale. Wakati wa masika udongo huo hunata miguuni kama ulimbo. Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, hugeuka kuwa vumbi laini kama unga. Mpita njia hulilaani vumbi hilo kwa sababu humchafulia nguo. Lakini lau angesimama kidogo karibu na ua wa mkulima yeyote, angeona kwamba wako wanaolifurahia.

Wa kwanza ni kuku. Mchana wa jua kali kuku huchagua mahali pakavu chini ya ghala au kando ya ukuta, akachimba kishimo kwa kucha, akajilaza ubavu. Kisha hujitifulia vumbi kwa mbawa na miguu mpaka limeingia katika kila unyoya hata kufika ngozini. Hutulia hapo kwa muda, macho nusu yamefumba. Halafu husimama, akajikung'uta kwa nguvu, na wingu la vumbi likaruka. Mtoto mdogo huona mchezo, lakini kazi iliyofanyika si ya mchezo. Manyoya ya ndege hupata mafuta yatokayo mwilini, na mafuta hayo yakizidi, manyoya hushikamana na kupoteza nguvu yake ya kuzuia baridi. Vumbi hunyonya mafuta yaliyozidi, na kuku anapojikung'uta hulitupa pamoja na ngozi iliyokufa na baadhi ya utitiri. Kwa ufupi, kuku amefanya kwa manyoya yake kama mama afanyavyo kwa sufuria.

Wa pili ni wanyama wakubwa. Tembo wa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, akiisha kunywa na kujipaka tope, huchota udongo mkavu kwa mkonga wake na kuumwaga juu ya mgongo. Udongo ule humkinga na jua na wadudu, na humbadili rangi hata afanane na nchi anayokaa. Upande wa pili wa mlima, katika mbuga za Laikipia karibu na Nanyuki, pundamilia wanazo sehemu zao za kugaagaa ambazo huzirudia mara kwa mara mpaka ardhi inakuwa kama sinia. Hata punda wa mzigo katika miji ya Karatina na Nanyuki, mara afunguliwapo mkokoteni, hutafuta mahali pa vumbi akalala chali na kugaagaa. Methali ya pwani husema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Punda naye hagaagai bure: hufuta jasho, hukuna mahali asipofikia kwa meno, na hupumzisha mgongo uliochoshwa na kazi.

Wako tena wanyama ambao kwao udongo si josho tu, bali ni nyumba. Kila mkulima wa Nyeri amjua fuko, mnyama mdogo mwenye meno marefu ya mbele na macho madogo, aishiye karibu maisha yake yote chini ya ardhi. Fuko huchimba njia ndefu, hula mizizi na viazi, na vilima vidogo vya udongo anaoutupa juu ndivyo vimsalitivyo. Mkulima humtega kwa kijiti kilichopindwa na kitanzi cha kamba, kwa maana humhesabu kuwa mwizi. Ni vigumu kwa mkulima huyo kufikiri kwamba mnyama wa tabia kama hiyo aweza kupendwa, kununuliwa kwa fedha na kulazwa katika chumba cha mtoto. Hata hivyo ndivyo ilivyotokea kwa mwenzake fuko katika nchi nyingine, na habari zake zafaa kuelezwa.

Katika nchi ya Shamu, ambayo leo huitwa Siria, uko mji wa kale wa Aleppo, ambao Waarabu huuita Halab. Wakulima wa ngano wa huko wana mwizi wao wa chini ya ardhi. Ni mnyama wa jamii ya panya, mwenye kimo cha ngumi ya mtu, mkia mfupi sana, manyoya ya rangi ya dhahabu, na mifuko miwili mashavuni ya kuchukulia nafaka mpaka ghalani mwake. Jina lake ni hamsta. Mwaka 1839 mtaalamu wa wanyama wa London, George Waterhouse, alimweleza mnyama huyo kwa mara ya kwanza katika maandishi ya elimu. Baada ya hapo ulimwengu wa wataalamu ulimsahau kwa muda mrefu.

Aliyesababisha akumbukwe ni maradhi. Katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu alikuwako mganga, Saul Adler, aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa kala-azar. Ugonjwa huu huenezwa na usubi. Huvimbisha bandama, hudhoofisha mwili, na usipotibiwa huua. Si ugonjwa wa mbali na sisi, kwa maana umewasumbua watu wa nchi kavu za Kenya kama Baringo na Kitui. Adler alihitaji wanyama wadogo wa kuchunguzia, na hamsta wa Kichina aliokuwa nao hawakuzaa kizimbani. Basi mwaka 1930 mwenzake, Israel Aharoni, alisafiri mpaka Aleppo kutafuta hamsta wa dhahabu. Vibarua walichimba shamba la ngano mpaka kina cha karibu mita 2 na nusu, na huko chini wakakuta tundu lenye mama na watoto wake wachanga.

Yaliyofuata yalikuwa ya huzuni. Mama yule, alipotiwa sandukuni pamoja na watoto wake, alimuua mmoja wao; ikawa lazima auawe yeye ili waliobaki wasalimike. Watoto wale walilelewa kwa mkono wa binadamu. Wengine walitafuna ubao wa kizimba chao wakatoroka, wengine wakapotea kwa kuumana. Wachache waliobaki walizaa, na wazao wao wakazaa kwa wingi wa ajabu. Mwaka 1931 baadhi yao walipelekwa Uingereza, na baadaye Marekani. Kwa muda wa miaka 40 hivi, karibu kila hamsta wa dhahabu aliyefugwa duniani alikuwa mzao wa tundu lile moja la shamba la ngano, mpaka mwaka 1971 ambapo Mmarekani mmoja, Michael Murphy, alipochukua wengine kutoka Aleppo.

Msomaji na azingatie jambo moja katika habari hizi. Waliochukuliwa ni wanyama. Udongo uliachwa shambani. Kizimba cha maabara kilitengenezwa kwa manufaa ya mtazamaji: sakafu rahisi kuoshwa, kuta za waya au kioo, chakula mahali pamoja na maji mahali pengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hamsta alitoka maabara akaingia nyumbani mwa watu, na kizimba chake kikamfuata. Watoto walimpenda kwa kuwa alikuwa mdogo na mwenye uso mzuri. Nao, kwa mapenzi, walitaka awe safi kama walivyofundishwa kuwa safi wao wenyewe: wakamtia katika bakuli la maji na sabuni.

Hapa mapenzi yasiyo na elimu yaligeuka kuwa madhara. Mnyama mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na mwili ulio ndani yake. Kinachomkinga ni hewa iliyofungwa katikati ya manyoya. Maji yakiingia, hewa hutoka; sabuni nayo huondoa mafuta yote, yaliyozidi na yaliyohitajika, pamoja na harufu ambayo kwayo mnyama hujitambua na kuyatambua makazi yake. Katika nchi ya joto huenda akaokoka. Lakini katika mji kama Nyeri, mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na jua lisionekane kutwa nzima, kumwosha hamsta kwa maji ni kumweka katika hatari ya kufa.

Wataalamu nao walikuwa wameanza kuuliza swali ambalo kuku wa kila ua alikwisha kulijibu. Mwaka 1963 Mmarekani John Eisenberg alitoa uchunguzi wake juu ya panya wa nchi kavu za Amerika, akalinganisha namna kila aina inavyooga mchangani. Ilionekana wazi kwamba kuoga mchanga ni tabia yenye utaratibu wake: mnyama huchimba, hunyosha ubavu, kisha tumbo, na kila aina hufuata mpango wake. Tena mchanga ule huwa kama barua, kwa kuwa mnyama huacha hapo harufu yake, na mwingine apitaye huisoma.

Mwaka uliofuata, 1964, mwanamke mmoja wa Uingereza, Ruth Harrison, aliandika kitabu juu ya wanyama waliofungiwa katika majengo ya ufugaji, kuku wakiwa miongoni mwao. Kitabu hicho kiliamsha watu hata serikali yao ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell. Mwaka 1965 kamati hiyo ilisema kwamba mnyama afugwaye apaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo vyake. Ni mambo matano madogo sana. Na udogo wake ndio utuonyeshao jinsi wanyama wale walivyokuwa wamebanwa.

Katika uchunguzi wa miaka iliyofuata lilithibitishwa jambo ambalo kila mwenye moyo hulisikitikia. Kuku aliyezaliwa kizimbani, asiyepata kuona vumbi tangu alipotoka yaini, hujilaza juu ya waya mtupu akafanya matendo yote ya kuoga. Hutikisa mbawa, hukwangua kwa miguu, hujitifulia kisichokuwapo. Kisha husimama na kujikung'uta vumbi ambalo halikumfikia. Hapana aliyemfundisha, na hapana anachopata kwa kufanya hivyo. Desturi imo katika damu yake, na kizimba hakikuweza kuiondoa. Kimeondoa udongo tu. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliamua mwaka 1999 kwamba vizimba vitupu vya namna ile vikomeshwe, na marufuku hiyo ikaanza kutumika kwa wote mwaka 2012.

Hamsta naye ni vivyo hivyo, na kwa aina nyingine haja hiyo ni kubwa zaidi. Hamsta mdogo kuliko wote, aitwaye kwa jina la mpelelezi Mrusi Vsevolod Roborovski, asili yake ni nyika na mchanga wa pande za Gobi. Chinchila wa milima ya Andes, mwenye manyoya mazito kuliko karibu wanyama wote wa nchi kavu, huoga vumbi laini la volkano, na manyoya yake yakilowa hukawia sana kukauka. Wote hawa hufugwa leo nyumbani mwa watu walio mbali na Gobi na Andes. Wasipopewa mchanga, manyoya yao hunata kwa mafuta. Wakipewa, hutakata wenyewe pasipo kuguswa na mtu.

Kwa mwanafunzi anayemtunza mnyama wa namna hiyo, kuandaa josho la mchanga si jambo gumu wala la gharama kubwa. Chombo chafaa kuwa kizito kiasi kwamba hakipinduki, na kipana kiasi kwamba mnyama aweza kugeuka na kulala ubavu bila kugusa kingo. Bakuli la udongo au sinia lenye kingo fupi latosha. Mchanga uwe wa kina cha vidole viwili au zaidi. Mchanga wa mto ni mzuri, lakini kwanza uoshwe mpaka maji yake yatoke meupe, uanikwe ukauke kabisa, uchekechwe ili kokoto zitoke, kisha ukaangwe katika chuma safi ili wadudu na mayai yao yafe. Uachwe upoe kabla ya kutumiwa. Chombo kiwekwe mbali na maji ya kunywa, kwa sababu mchanga uliolowa hushika ukungu. Kinyesi kiondolewe kila siku, na mchanga ubadilishwe uonekanapo kuchafuka.

Hapa yapaswa kutofautisha mchanga na vumbi. Udongo mwekundu wa Nyeri, ambao kuku na tembo huuoga kwa raha, haumfai hamsta wa ndani ya nyumba. Kuku huoga uani ambako upepo hulichukua vumbi. Hamsta huoga katika nafasi iliyofungwa, na unga mwembamba uelekeao hewani huingia katika mapafu yake madogo ukamdhuru. Vivyo hivyo chokaa, saruji na poda za watu zisitumike kabisa. Kwa hamsta chembe ziwe kama za chumvi laini, zisizoruka zinapomwagwa. Chinchila peke yake ndiye apewaye vumbi laini, naye kwa dakika chache tu, kisha chombo huondolewa. Tena mwanafunzi asidanganyike akaenda kufukua panya wa porini ili awafuge, kwa maana sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini pasipo kibali.

Yaweza kuulizwa: kwa nini kujisumbua hivi kwa ajili ya panya mdogo? Jibu moja limo Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Katika miaka ya 1960 na 1970 bongo, yule paa mkubwa mwenye milia myeupe akaaye katika misitu ya milima yetu, walikamatwa wakapelekwa katika bustani za wanyama za Marekani. Huko walizaa, na watoto wao wakazaa, huku katika misitu ya kwao wakipungua hata kukaribia kwisha. Mwezi Januari mwaka 2004 wazao 18 walirudishwa Nanyuki. Lakini miili yao, iliyokulia mbali na kupe wa Kenya, ilikuwa imepoteza kinga ya mababu. Wengine waliugua ugonjwa uletwao na kupe, na baadhi wakafa. Ilibidi wazao wao walelewe nchini kwa miaka mingi kabla ya wachache kuanza kurejeshwa katika sehemu iliyozungushwa ua ndani ya msitu wa Mlima Kenya mwaka 2022.

Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, twapata somo. Kuku wa kizimbani amepoteza vumbi lakini hakupoteza haja nalo; bongo wa ugenini hakupoteza sura yake wala milia yake, lakini alipoteza nguvu ya kustahimili nchi yake mwenyewe. Mnyama na ardhi yake ni kama kitambaa na uzi: ukivuta mmoja hujui ni upande gani utakaofumuka. Amchukuaye mnyama kutoka mahali pake amejitwika deni, na deni hilo halilipwi kwa chakula na maji peke yake. Hulipwa kwa kujua alikotoka, na kumpatia kwa kadiri iwezekanavyo kile ambacho ardhi ile ilikuwa ikimpa bure.

Bakuli la mchanga katika kona ya kizimba ni malipo madogo ya deni hilo. Haliwezi kuwa shamba la ngano la Aleppo, wala nyika ya Gobi. Lakini hamsta alifikiapo hulichimba, akajilaza, akagaagaa na kujikung'uta kama mababu zake walivyofanya kabla ya jembe kufika kwenye tundu lao. Mtunzaji hana haja ya kumfundisha. Kazi yake ni kuweka mchanga ulio safi na mkavu, kisha kumwacha aoge.